Samaki Apaliliaye Kiota Chake

Leo twawaalika twende pamoja mbali kidogo, hata pwani ya California, huko Marekani. Maji ya huko ni baridi, hayafanani na yetu ya Malindi. Badala ya matumbawe mna miamba mitupu yenye nyufa na mapango, na misitu ya mwani mrefu upandao kutoka chini hata usoni pa maji. Humo hukaa samaki aitwaye garibaldi, jina lililotokana na Giuseppe Garibaldi, yule jemadari wa Italia ambaye askari wake walivaa mashati mekundu. Samaki mwenyewe ni wa rangi ya chungwa lililoiva, na urefu wake waweza kupita sentimeta 30. Jamaa zake wamo pia katika matumbawe yetu, lakini wengi wao hawazidi kiganja cha mkono.

Kazi yake ndiyo iliyotushangaza. Dume huchagua mahali pake mwambani, akapapalilia. Twasema kupalilia, wala si kwa mzaha: hung'oa mimea kwa kinywa chake, akiacha mwani mwekundu tu, nao huukata uwe mfupi. Konokono akipita, kiti cha pweza kikitambaa, huchukuliwa na kutupwa nje. Kiota hicho dume aweza kukitumia mwaka baada ya mwaka.

Lakini jasho hilo lote halimhakikishii kitu. Jike huzunguka akikagua viota, naye hupendelea kile ambacho tayari kina mayai machanga, ya manjano. Basi dume asiye na yai hata moja ana taabu kumpata jike wa kwanza. (Wazazi ambao mtoto wenu alitafuta kazi akaulizwa uzoefu, mtamhurumia.) Jike akiisha kutaga hufukuzwa, maana angeweza kuyala mayai. Dume hubaki peke yake majuma mawili au matatu, akiyapepea kwa mapezi, na kumrukia hata mpiga mbizi.

Ujasiri huo ulikuwa hatari kwake. Samaki asiyekimbia hukamatwa kwa urahisi, na rangi yake ilitamaniwa na wafugao samaki katika matangi ya vioo. Mwaka 1995 California ilimtangaza kuwa samaki wa baharini wa jimbo hilo, na sheria yakataza kumvua. Watoto wake wana mabaka ya buluu yang'aayo. Mabaka hayo hufifia wakuapo, na ndipo kila dume huhitaji ufa wake mwambani.