Picha za utotoni: zilipigwaje, na kwa nini nyingine zimekuwa nyekundu

Kabla ya miaka ya 1980, picha nyingi za watoto wa pwani ya Afrika Mashariki zilipigwa studio. Kamera ya nyumbani ilikuwa ya wachache, na filamu ilikuwa ghali mno kuipotezea mtoto anayecheza uani. Mtoto alipelekwa kwa mpiga picha siku ya Idi, alipoanza shule, au baba alipokuwa safarini na barua ya kumpelekea ikasubiri kitu cha kutiwa ndani. Unguja kulikuwa na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe na kusifika kwa kukata picha na kuziunganisha upya.

Ndani ya studio kulikuwa na pazia au ukuta uliochorwa, stuli, maua ya plastiki, redio, pengine simu isiyounganishwa popote. Anayeiona redio hiyo leo asidhani kwamba ilikuwa ya nyumbani. Nguo ndizo zilizokuwa za mtoto mwenyewe, tena mara nyingi zimempwaya, kwa kuwa zilishonwa kubwa ili zivaliwe hata Idi ijayo. Na ule uso uliokunjamana, ambao jamaa husema ni wa mtoto mkaidi, unaelezeka kwa urahisi: taa kali, mtu mgeni, na amri ya kutulia.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi za Zanzibar zilitawanyika kwenda Dar es Salaam, Mombasa, Uingereza na nchi za Ghuba. Kuanzia 1970 wengi walielekea Oman. Picha zilisafiri ndani ya bahasha. Ndiyo maana nakala pekee ya picha ya mtu mara nyingine imo katika albamu ya shangazi aliyeko nchi nyingine, huku jina, tarehe na mhuri wa studio vikiwa nyuma yake. Mgongo huo mara nyingi una habari nyingi kuliko uso wa picha.

Picha nyeusi na nyeupe hutengenezwa kwa chembe za madini ya fedha, nazo hudumu vizuri ikiwa zilioshwa sawasawa baada ya kusafishwa. Dawa iliyobaki kwenye karatasi huzitia madoa ya manjano. Picha ya rangi ina tabaka tatu: samawati, majenta na njano. Katika karatasi za miaka ya 1960 na 1970, samawati ndiyo iliyofifia haraka, hata gizani. Inapopungua, nyekundu hutawala, na bahari ya Forodhani, Unguja, huonekana kama chai ya maziwa. Joto na unyevu huharakisha hali hiyo, na hakuna dawa ya kuirudisha rangi kwenye karatasi yenyewe.

Kumbukumbu nayo hufifia kwa namna yake. Watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya miaka mitatu hivi, hivyo picha hujaza pengo, na si kwa ukweli kila mara. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, watu 20 walionyeshwa picha ya kughushi iliyowaweka, wakiwa watoto, ndani ya puto la hewa moto. Baada ya mahojiano kadhaa, nusu yao waliikumbuka safari hiyo, kwa ukamilifu au kwa sehemu, ingawa haikutokea.

Kwa hiyo picha hunakiliwa pamoja na mgongo wake, na wazee huulizwa kabla ya kuonyeshwa yaliyoandikwa nyuma. Iliyoganda kwenye albamu yenye gundi haivutwi kwa kucha. Uzi wa kusafishia meno hupitishwa polepole chini yake. Majina mapya huandikwa nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu huweza kupenya hadi upande wa mbele.