Akirudi Mwana Aliyepotea, Tumfungulie Mlango Upi?



Kuna suala ambalo hapa kwetu Ukunda huzungumzwa kwa sauti ya chini. Harusini halitajwi kabisa. Matangani hutajwa nusu nusu, kisha mtu hukohoa na mazungumzo yakageuzwa. Ni suala la vijana wetu waliovuka mpaka kwenda Somalia wakajiunga na Al-Shabaab, kisha wakarudi, au wanaotamani kurudi na hawajui wapitie wapi. Je, waruhusiwe kurejea nyumbani? Wiki hii tumeona tulizungumze waziwazi, kwani mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuanze na sheria. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kuingia Kenya, kubaki na kuishi popote nchini. Wenzetu Uingereza walifuata njia nyingine. Shamima Begum aliondoka London mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 15, akaenda Syria kwa kundi la Daesh. Mwaka 2019 serikali ilimvua uraia, kwa hoja kwamba alikuwa pia raia wa Bangladesh kupitia wazazi wake. Kijana aliyezaliwa Msambweni hana kwao kwengine. Tukimfungia mlango, hatumrudishi kwa mtu yeyote ila kwa wale wale waliompoteza.

Hata hivyo, haki ya kurudi si haki ya kusamehewa kila kitu. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inahesabu kujiunga na kundi kama hilo, au kupokea mafunzo yake, kuwa kosa la jinai. Kwa hivyo swali lililo mbele yetu si kama watarudi. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilikadiria kwamba vijana wapatao 700 walikuwa wamekwisha rudi katika kaunti za Pwani. Swali ni hili: warudi kwa mlango, mchana, watu wakiona, au kwa dirisha, usiku, hata jirani asijue?

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wa 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha na kutoa muhula wa siku 10 kwa vijana waliokwenda Somalia wajisalimishe. Muhula ukaongezwa baadaye. Lilikuwa jambo la kheri, lakini lilikuwa tangazo tu, si sheria iliyopitishwa na Bunge. Mama aliyekuwa na mwana wa kumpeleka alijiuliza: nikimtoa leo, kesho ni nani atakayenijibu?

Woga huo haukuwa wa bure. Shirika la kutetea haki la Haki Africa lilitoa ripoti mwishoni mwa mwaka 2016 iliyoorodhesha visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kutoweshwa tangu mwaka 2012. Kwa upande wa pili, hapa hapa Kwale wazee wa mitaa na wasimamizi wa Nyumba Kumi waliuawa kwa kushukiwa kuwa wanatoa habari kwa serikali. Hivyo anayerudi humwogopa askari, jirani humwogopa anayerudi, na mama akakaa katikati akiwaogopa wote wawili. Haifai kumwambia jirani kwamba hofu yake ni chuki. Naye jirani asimwambie mama kwamba machozi yake ni ya kuficha uhalifu.

Tutazame Uganda. Mwaka 2000 nchi hiyo ilipitisha Sheria ya Msamaha kwa waliopigana katika makundi ya uasi, likiwemo kundi la Joseph Kony. Zaidi ya watu 20,000 waliweka silaha chini na kupewa hati za msamaha. Aliyerudi alikuwa na karatasi ya kuonesha. Lakini msamaha haukumfikia kila mtu: Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto akakua kuwa kamanda, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2021. Funzo ni kwamba rehema na hukumu zinaweza kukaa nyumba moja, ila kila moja ijue chumba chake.

Nasi Waislamu tuna mizani yetu. Makka ilipofunguliwa mwaka wa nane Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwasamehe watu waliomtoa katika mji wake. Alipokuja Wahshi, aliyemuua ami yake Hamza, Mtume aliukubali Uislamu wake, lakini akamwomba amwepushie uso wake. Tuitafakari sira hiyo. Mlango wa toba ulikuwa wazi, na jeraha la aliyefiwa likaheshimiwa. Na maulamaa wametufundisha kwamba toba ina masharti: kuacha dhambi, kujuta na kuazimia kutoirudia, na ikiwa ndani yake imo haki ya mja, haki hiyo irudishwe. Basi aliyemwaga damu ana deni kwa watu, na deni hilo hupimwa mahakamani, si barazani wala vichochoroni.

Sisi akina mama tuna neno la ziada. Wako mabinti waliodanganywa kwa ahadi ya kazi au ndoa, wakajikuta porini. Wengine wamerudi na watoto wasio na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti safari ya shule huanza na kikwazo. Kumwita mtoto huyo kwa jina la kundi ni dhulma. Hakuchagua baba wala mahali pa kuzaliwa. Tukimtenga madrasani leo, tusishangae kesho akitafuta watakaompokea.

Je, familia ifanye nini? Kwanza, isimfiche. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Pili, isimpeleke kituoni peke yake. Atangulizane na wakili, imamu wa mtaa na shirika la haki za binadamu, na jina lake liandikwe katika kitabu cha matukio cha polisi. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha siku au saa zisizo za mahakama. Familia iijue haki hiyo na iidai kwa adabu. Tatu, watoto waandikishwe mapema kupitia kwa chifu na ofisi ya usajili.

Serikali nayo tunaikumbusha. Mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na itikadi kali ulizinduliwa Septemba 2016, na Kwale ikawa na mpango wake mwaka uliofuata. Mipango ni mizuri, lakini mama wa Ukunda anahitaji sheria atakayoweza kuitegemea: inayoeleza wazi nani atashtakiwa, nani atarekebishwa, na waliofiwa watasikilizwa wapi. Bila hiyo, wataendelea kupitia dirishani, na nyumba yenye watu wanaopita dirishani haina usingizi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, awape subira waliofiwa, awaongoze waliopotea, na atujaalie nyumba zetu ziwe na milango ya haki na ya rehema. Amin.