Hiyo zawadi ya Mombasa uliipita Kibwezi

Disemba ikikaribia, magrupu ya WhatsApp yanachangamka: nani analipia nyumba Nyali, nani anabuku tiketi za SGR, nani ataleta spika. Siku ya mwisho kabla ya kurudi Nairobi huwa ya manunuzi. Kikosi kizima kinavuka daraja kuingia kisiwani, kinapiga picha nje ya Fort Jesus, halafu kinajitosa kwenye vichochoro vya Mji wa Kale kutafuta kitu cha kupeleka nyumbani. Mama apelekewe kiondo. Beshte aliyekosa nauli apate twiga wa mbao. Watoto wa dada watulizwe na pakiti ya mabuyu mekundu.

Sasa, hiyo orodha yako ya “vitu vya Coast” ina Ukambani ndani yake kuliko unavyodhani.

Tuanze na kiondo. Kwa Kikamba ni kyondo, na kwa akina mama wengi wa Kitui na Makueni ni kazi inayofanywa katikati ya kazi nyingine. Jani la mkonge linakatwa na kuparuliwa hadi zibaki nyuzi nyeupe, nyuzi zinaoshwa na kuanikwa, kisha zinasokotwa kwa kiganja juu ya paja, kidogo kidogo. Zamani gome la mbuyu lilitumika sana, na vyondo vya aina hiyo bado unaweza kuvipata ukitafuta. Kusuka kunaanzia kitakoni, katikati kabisa, halafu kinapanda kwa kuzunguka. Hakuna mashine. Ndiyo maana utampata mama akielekea sokoni huku kiondo ambacho hakijaisha kinaning'inia mkononi, miguu inatembea na vidole vinasuka. Kimoja cha ukubwa wa kawaida kinaweza kumeza wiki mbili au zaidi, kwa sababu katikati kuna maji ya kuchota, shamba, mbuzi na watoto.

Kiondo kimewahi kuwa staa. Kuna wakati, miaka ya 1970 na 1980, kilibebwa Ulaya na Marekani kama mkoba wa fasheni. Kisha vya kuigiza kutoka viwanda vya Asia vikaingia kwa bei ya chini, na soko likapoa. Kilirudi kwetu kwa mlango mwingine: Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, watu wa Nairobi walikumbuka ghafla kikapu cha nyanya. Leo kinabebwa chuoni kikiwa na laptopu ndani, na sina malalamiko.

Na twiga? Wachongaji wengi ambao kazi zao zinauzwa Pwani ni Wakamba, na hadithi yao inaanzia Wamunyu, upande wa Machakos, kwenye barabara ya kwenda Kitui. Mtu anayetajwa kama mwanzilishi ni Mutisya Munge. Alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga kutoka kwa Wazaramo, akarudi nyumbani na ufundi huo. Kutoka kwake ukasambaa kijijini, kisha ukafuata watalii hadi Mombasa, ambako ushirika wa Akamba Handicraft ulianzishwa Changamwe mwaka 1963. Kwa hivyo twiga wako ana damu ya Pwani pia, ila ni Pwani ya Tanganyika. Miti ndiyo imebadilika. Mpingo na muhugu vilikatwa hadi vikawa haba, na wengi sasa wanachonga mwarobaini, ambao unakua haraka. Muuzaji akikuapia kwamba kitu ni mpingo, kibebe kwanza: mpingo ni mzito ajabu, na weusi wake hautoki kwenye kopo la rangi ya viatu.

Mabuyu nitayapitia haraka. Ufundi wa kuyapika na sukari, rangi na pilipili ni wa Pwani, hapo hatubishani. Lakini mti wenyewe umeota kotekote, kuanzia Pwani hadi Kibwezi, Mtito Andei na kusini mwa Kitui. Mibuyu hiyo uliipita ukiwa umelala kwenye basi la usiku.

Wala si Mombasa tu. Ukivuka hadi Zanzibar, ile michoro ya Tingatinga iliyojaa kwenye kuta za Mji Mkongwe ilianzishwa Dar es Salaam na Edward Said Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, na vinyago vya Kimakonde asili yake ni bara. Visiwa vimekuwa vikiuza vitu vya bara tangu enzi za majahazi.

Tatizo langu ni hesabu ya hela. Kiondo kinatoka kwa mama aliyekisuka, kinapita kwa dalali anayezunguka masokoni, kinaenda kwa fundi wa mjini anayeweka mikanda ya ngozi, bitana na zipu, ndipo kinafika dukani karibu na Fort Jesus au kwenye hoteli ya ufukweni. Kila mmoja anaongeza chake, na ni haki yake. Ngozi ni kazi na kodi ya duka ni kodi. Lakini aliyetumia wiki mbili ndiye mwenye nafasi ndogo zaidi ya kusema hapana. Dalali anajua karo inadaiwa. Mvua ikikosa, na Ukambani hukosa, kila nyumba inasuka ili iuze wiki hiyo hiyo, na bei inaporomoka pale pale ambapo shida imepanda. Wanaopona kidogo ni wanaouza kwa pamoja, kupitia vikundi vya akina mama. Jambo hilo si geni huko: mwethya, ule utaratibu wa majirani kufanya kazi kwa zamu, ni wa zamani sana.

Halafu anakuja mtu wa Nairobi, ametoka kulipa bila kulalamika bei ya juisi ya ufukweni, na anapigania shilingi hamsini na mama wa watu. Kubishana bei ni sehemu ya soko, hata yeye mwenyewe atashangaa usipojaribu. Msalimie kwanza, muite mwaitu, uliza kimemchukua muda gani, kisha useme bei yako. Ukishasikia jibu, kinywa chenyewe kitapunguza kiburi.

Kabla hujalipa, kikague. Kibonyeze: kilichosukwa vizuri kinarudi umbo lake. Tazama kitako kwa ndani, maana mwenye haraka hujulikana hapo. Lowesha kitambaa cheupe usugue; rangi ikitoka, itakuharibia nguo siku ya mvua. Nyuzi zinazong'aa na kuteleza ni za kiwandani. Hizo si dhambi, bora usilipie bei ya mkonge.

Na ukitaka kununua njiani, inawezekana. Madaraka Express iliyoanza 2017 ina treni ya kasi na ile ya kaunti inayosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Chukua hiyo ya pili, asubuhi. Ukiwa na siku ya ziada, kutoka Kibwezi kuna lami inayokupeleka Kitui kupitia Ikutha na Mutomo. Kila mji una siku zake za soko, kwa hivyo uliza mwenyeji kabla hujatoka nyumbani. Ukifika siku isiyo ya soko utakuta mbuzi wawili na kivuli. Ukienda Disemba, acha nafasi kwenye begi. Ni msimu wa maembe Makueni, na utajaribiwa.