Dozi isiyokwisha si dozi

Katika likizo iliyopita nilifunga safari hadi Isiolo kumjulia hali mwalimu mmoja ambaye ni rafiki yangu tangu tulipokuwa wanafunzi. Jina lake nitalihifadhi. Miaka minne iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo katika hospitali moja jijini Nairobi, baada ya unene kumletea kisukari na maumivu ya magoti. Uzito ulishuka, kisukari kikatulia, na kwa muda mrefu alikuwa akitembea kutoka nyumbani hadi shuleni bila kutweta. Safari hii nilimkuta ameketi barazani, miguu imemfa ganzi. Ulimi ulimwaka kila alipokula. Moyo ulimwenda mbio kwa kazi ndogo tu, na darasani majina ya wanafunzi aliowafundisha mwaka mzima yalimpotea.

Nilimwuliza kama alikuwa bado anameza vitamini alizopewa alipotoka hospitalini. Akanitazama kwa mshangao. "Ndugu yangu, zile nilizimaliza zamani. Nilimaliza dozi yote, sikubakisha hata kidonge kimoja."

Mimi si daktari wa matumbo. Udaktari wangu ni wa lugha, na kijijini kwetu bado wananilaumu kwa hilo. Hata hivyo, jibu lile lilinikera usiku kucha, maana niliona kuwa kosa halikuwa katika utiifu wa mgonjwa. Alitii kikamilifu. Kosa lilikuwa katika neno.

Dozi ni neno tulilolipokea pamoja na tembe za malaria na sindano za kifua kikuu. Kwa miaka mingi wauguzi, redio na sisi walimu wenyewe tumehubiri: maliza dozi. Mahubiri hayo yamewaokoa wengi, na sina nia ya kuyapinga. Lakini yameliwekea neno hili mipaka mitatu katika akili ya msemaji: dozi ina mwanzo, ina hesabu na ina mwisho, na mwisho wake ni kupona. Hata vitamini na madini tunavyovijua huku vina ukomo. Mama mjamzito hupewa tembe za chuma na asidi ya foliki, naye aghalabu huziacha baada ya kujifungua. Mtoto hutiwa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, na akitimiza miaka 5 basi. Ni nani angemlaumu mwalimu wangu kwa kudhani kwamba chupa ikiisha, kazi imekwisha?

Ilhali mambo yaliyo ndani ya mwili wake yanakwenda kinyume cha hayo. Katika upasuaji aliofanyiwa, sehemu ndogo ya juu ya tumbo hutengwa iwe kifuko, kisha utumbo huungwa papo hapo, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo mwembamba. Mwanzo huo ndio mahali mwili unapofyonza chuma kwa wingi, na chokaa ya mifupa pia. Vitamini B12 nayo huhitaji asidi ya tumbo iitoe katika nyama, na protini maalumu itokayo katika ukuta wa tumbo iisindikize hadi inapofyonzwa. Kwa hiyo mtu aweza kuketi Isiolo, katika nchi ya nyama na maziwa ya ngamia, akala maini na nyirinyiri kila siku, na bado akaikosa B12, vitamini ambayo nyama na maziwa ndivyo hasa vyenye kuitoa.

La hatari zaidi ni kwamba njaa hiyo haionekani upesi. Ini huhifadhi akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa. Mgonjwa akiacha vidonge leo, mwaka wa kwanza hauoni kitu, wala wa pili. Akiba ikiisha, huwa amekwisha kusahau alipasuliwa lini, naye daktari mpya hajui kabisa. Na hapa pana mtego. Damu ikionekana pungufu, ni rahisi kumpa mtu tembe zile zile za wajawazito. Asidi ya foliki huweza kuirekebisha damu ya aliyekosa B12, kipimo kikapendeza, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Yeyote aliyepasuliwa tumbo hana budi kulitaja jambo hilo kila anapoingia zahanati, hata akiwa ameenda kwa kikohozi.

Lugha ya sayansi nayo haitusaidii sana. Neno vitamini lilibuniwa mwaka 1912 na Casimir Funk kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Sisi tumelipokea kama jina la kidonge. Madini kwetu ni vitu vya migodini. Na tukisema "upungufu wa damu", msikilizaji huwazia mtungi uliopungua maji, ujazwe mara moja yaishe. Mwenye kisukari hukubali dawa ya maisha kwa kuwa anajua anaumwa. Aliyepunguzwa tumbo hajioni mgonjwa. Amepona unene, ameze vidonge vya nini?

Nilipokuwa nikimweleza haya, mzee mmoja wa Kiborana aliyekuja kumsalimu alitusikiliza kwa makini, kisha akauliza: hivi vidonge ni kama chumvi ya ngamia? Nikakaa kimya, kwa maana sikuwa nimefikiri hivyo. Mfugaji hupeleka mifugo wake penye chumvi, au huwanunulia ile ya Magado, mwaka nenda mwaka rudi. Hasemi ngamia wake amemaliza dozi ya chumvi. Anajua malisho hayana ya kutosha, naye huongeza.

Mimi nilikuwa nimependekeza neno posho, yaani kile apewacho mtu kila siku ili aweze kufanya kazi ya siku hiyo. Nakiri kwamba neno la mzee ni bora, angalau kwa Isiolo. Walimu wenzangu wa pwani au wa magharibi watapata lao. Ninalolishikilia ni kwamba kadi anayopewa mgonjwa siku ya kuondoka iandikwe kwa lugha anayoiota, na ieleze waziwazi kwamba vidonge ni vya kila siku maisha yote, damu ipimwe kila mwaka, chuma kisimezwe pamoja na chokaa bali vipishane kwa saa 2 hivi, wala kisiteremshwe kwa chai. Kadi ya rafiki yangu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa 3, na neno muhimu kuliko yote lilikuwa katika mstari wa mwisho.

Sasa anadungwa sindano za B12. Ulimi umepoa na majina ya wanafunzi yamemrudia. Vidole vya miguu bado vina ganzi, na daktari amemwambia asihesabu kwamba vitarudi vyote.