Kamioneti yakataa kuwaka: cheche imepotelea wapi?

Magunia ya mpunga yamekwisha pakiwa, nayo kamioneti yapaswa kufika soko la Kindu kabla ya jua kupanda. Dereva azungusha ufunguo. Stata yafanya kazi kwa nguvu, injini yageuka, lakini haishiki. Hapo ndipo washauri hukusanyika. Mmoja asema bobini imekufa. Wa pili asema ni delko. Wa tatu, ambaye hajagusa hata msumari mmoja, ashauri zinunuliwe buji mpya nne. Mwenye gari hutoa fedha aliyoiweka kwa karo ya watoto, bobini mpya hufungwa, na gari hukaa kimya kama jana.

Kwetu Maniema hasara hiyo si ndogo. Kipuri kisichopatikana madukani mwa Kindu hungojewa siku nyingi kutoka Lubumbashi, kwa reli ipitayo Kamina, Kabalo na Kongolo, au huletwa kwa ndege kwa bei inayotisha. Kwa sababu hiyo twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi cheche iliyopotea inavyotafutwa kabla ya kununua kitu chochote. Twasema juu ya magari ya zamani yatumiayo petroli, yaani esansi, kama vile Toyota Hilux na Peugeot 404 za miaka ya kale. Injini ya mazutu haiwashwi kwa cheche, basi mwenye gari la namna hiyo atafute kwingine.

Yafaa kwanza tuijue njia ya moto. Betri ina volti 12 tu, nazo haziwezi kuruka ule mwanya mdogo wa buji. Umeme wa betri hupita katika ufunguo, huingia katika bobini, kisha huenda kwenye vidomo viwili vya chuma vilivyomo ndani ya delko, ambavyo mafundi huviita platini. Vidomo vikigusana, umeme hupita na bobini hujaa nguvu ya sumaku. Vikiachana, umeme hukatika ghafula, na dakika ileile bobini hutupa volti elfu kumi na zaidi. Hizo ndizo delko inazozigawia buji, moja baada ya nyingine. Angalieni vema: cheche huzaliwa umeme unapokatwa, si unapotiwa. Kwa hiyo vidomo visivyoachana kamwe na vidomo visivyogusana kamwe huleta ugonjwa uleule. (Jina la delko, tuseme kwa kupita, ni kifupi cha jina la kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1909 mjini Dayton, Marekani, na Charles Kettering na mwenzake Edward Deeds. Kampuni hiyo ilitengeneza vyombo vya kuwashia magari ya Cadillac.)

Sasa tushike kazi. Ondoeni buji moja, irudisheni katika waya wake, ilazeni juu ya chuma safi cha injini, mbali na petroli, kisha mwenzenu azungushe stata. Msiishike kwa mkono, kwani umeme huo hupiga vibaya. Mkiona cheche ya buluu yenye mlio, moto upo. Tafuteni katika petroli au katika majira ya kuwaka. Msipoona kitu, chomoeni ule waya wa katikati utokao kwenye bobini kwenda katika kifuniko cha delko, mwuweke ncha yake karibu na chuma, kama milimita 5, na kuzungusha tena. Cheche ikionekana hapo, bobini ni nzima na platini zafanya kazi. Ugonjwa umo mbele: katika kifuniko, katika rota inayozunguka ndani yake, au katika nyaya za buji.

Katika nchi yetu ya mvua nyingi, hapo ndipo twashauri watu watazame sana. Gari lililovuka dimbwi katika barabara ya Kalima, au lililolala nje katika ukungu wa Lualaba, huwa na unyevu ndani ya kifuniko, na umeme hupenda kutembea juu ya maji kuliko kuruka mwanya. Pangusieni ndani kwa kitambaa kikavu, anikeni kifuniko juani, kisha mkitazame kwa makini. Mkiona mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa kalamu ya risasi, kutoka nguzo moja hadi nyingine, kifuniko kimeungua na hakiponi kwa kupanguswa. Tazameni pia kama rota yazunguka stata inapofanya kazi. Isipozunguka, acheni stata mara moja, maana huenda mnyororo au meno ya ndani ya injini yamevunjika.

Kama waya wa katikati nao hautoi cheche, chukueni taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Waya mmoja ushike bodi. Wa pili gusisheni upande wa bobini unaopokea umeme wa ufunguo, ufunguo ukiwa wazi. Isipowaka, kosa li katika fyuzi, ufunguo au waya, na bobini haina hatia. Ikiwaka, isogezeni upande wa pili wa bobini, uendao kwenye delko, mkazungushe stata. Taa yapaswa kuwaka na kuzimika upesi upesi. Ikikaa imewaka tu, vidomo havigusani au vimechafuka. Ikikaa imezimika, ondoeni waya uendao delko. Taa ikiwaka sasa, platini haziachani au kondensa yake imekufa. Isipowaka hata hivyo, waya wa ndani ya bobini umekatika, na hapo tu ndipo fedha itolewe. Taa ikimeta vizuri na cheche isionekane, azimeni bobini na kondensa za jirani mzijaribu kwanza.

Mara nyingi kosa huwa katika platini. Kile kisigino chao hulika kidogo kidogo, mwanya hufunga, na siku moja gari hukataa. Kwa Toyota nyingi za zamani mwanya ni karibu milimita 0.45. Zisugueni kwa tupa laini, zipangusieni mafuta, kisha zipimeni.

Magari yaliyofuata hayana platini, bali kisanduku cha elektroniki. Humo majaribio ya kuachia waya wa katikati mbali na chuma yaweza kukiua kisanduku hicho, nacho ni ghali kuliko bobini. Asiyejua gari lake ni la namna gani afungue kifuniko cha delko na kutazama kabla ya kuchomoa waya wowote.