Nani alipe nauli? Fedha ya saratani na mwambao wa Tanganyika

Mwaka 2019 bei ya kifaa cha mkononi kinachotibu kwa joto chembe zilizoanza kuharibika kwenye mlango wa kizazi ilishuka hadi chini kidogo ya dola 1,000 za Marekani, baada ya mashirika ya afya ya Unitaid na Clinton Health Access Initiative kukubaliana na watengenezaji. Kifaa kinatumia betri. Hakidai gesi kama kile cha kugandisha kilichokitangulia. Mtungi wa gesi ni mzito, na ukiisha lazima upakiwe botini kwenda kujazwa. Kwa mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, ambao vijiji vyake vingi, kuanzia Kagunga mpakani na Burundi hadi Kalya upande wa kusini, vinategemea ziwa kuliko barabara, hiyo ni nafuu kubwa.

Kifaa ndicho wafadhili hukimbilia kununua. Kinahesabika, kinapigwa picha, na ripoti yake huandikwa kwa urahisi. Baada ya hapo yanahesabiwa mafunzo ya wauguzi na idadi ya wanawake waliopimwa. Safari ya mwanamke aliyekutwa na tatizo haina mnunuzi, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha nyingi ya saratani vijijini inapopoteza thamani yake.

Upimaji wenyewe ni wa bei ndogo. Mama anapakwa siki kwenye mlango wa kizazi, mhudumu anasubiri kama dakika moja, na sehemu iliyobadilika inageuka nyeupe chini ya mwanga wa taa. Doa likiwa dogo anatibiwa siku hiyo hiyo na kurudi nyumbani. Mhudumu akihofia kuwa ni saratani kamili, hesabu inabadilika: kinyama kikatwe kipelekwe maabara, majibu yasubiriwe, kisha rufaa. Mionzi haipatikani Kigoma. Mgonjwa ataelekezwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 1,250 kwa reli ya kati.

Tuihesabu safari hiyo kwa mama wa Kalya. Boti hadi Kigoma mjini, malazi ya kusubiri basi, kisha barabara ya Kasulu, Kibondo, Nyakanazi na Geita hadi Mwanza. Haendi peke yake, kwa hiyo nauli ni mbili. Mionzi huchukua wiki kadhaa, na muda wote huo wawili hao wanakula na kulala ugenini. Nyumbani biashara imesimama. Wanawake wengi wa mwambao huishi kwa kukausha na kuuza dagaa, na kipato hicho hufuata giza: mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, na fedha inakauka. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sera ile ina hoja nzuri, lakini aliyepewa rufaa miezi ile alipewa wakati mkoba ukiwa mtupu. Hata tiba ikiwa ya bure, yote haya yanatoka mfukoni mwake.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 na zaidi ya vifo 6,000 kwa mwaka. Fedha za nje zimekuja, kila moja na njia yake. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa msaada wa Gavi, ubia wa kimataifa wa chanjo, ikiwalenga wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa mwambao hiyo dozi moja ni akiba ya kweli, maana safari ya pili ya boti imefutwa. Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Aga Khan Foundation waliweka zaidi ya yuro milioni 13 katika mradi mpana wa saratani ulioanza mwaka 2020, lakini mradi huo ulielekezwa Dar es Salaam na Mwanza.

Njia nyingine ni fedha za UKIMWI. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata saratani hii takriban mara sita zaidi ya asiye navyo, kwa hiyo Marekani, kupitia PEPFAR, mpango wake wa UKIMWI, na ubia wa Go Further uliozinduliwa mwaka 2018, iliunganisha upimaji na kliniki za VVU, na baadaye Tanzania ikaingizwa. Mantiki ya kitabibu ni sahihi. Tatizo ni ramani. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya chini kabisa ya VVU nchini, na fedha inayofuata VVU hukonda inapofika huku, ingawa mkoa ulihesabiwa kuwa na watu 2,470,967 katika sensa ya 2022. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Juni mwaka huo ikatangaza kuacha kuichangia Gavi. Huduma iliyojengwa juu ya mlango mmoja hutikisika mlango huo ukifungwa.

Kigoma ina mfano wake wa ruzuku iliyofanya kazi. Kuanzia mwaka 2006 shirika la hisani la Bloomberg Philanthropies, baadaye pamoja na Fondation H&B Agerup, ilifadhili upasuaji wa uzazi katika vituo vya afya, ikiwafundisha watabibu wasio madaktari kamili, hadi kazi ikakabidhiwa serikalini mwaka 2019. Fedha ile ilikaa zaidi ya miaka kumi, na iliisogeza huduma karibu na mama ili asiwe na safari ndefu ya kulipia. Miradi ya saratani ya miaka mitatu au minne haina subira hiyo.

Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu ya kufikia mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, na asilimia 90 ya wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Mkataba wa ruzuku ulipe kwa lengo la tatu: mfadhili aulize waliopewa rufaa wangapi wamemaliza matibabu. Nazo halmashauri za Kigoma na Uvinza, ambazo hukusanya ushuru wa dagaa na migebuka kwenye mialo, zinaweza kutenga sehemu ya ushuru huo kuwa nauli na posho ya malazi kwa wagonjwa wa rufaa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kifungu hicho kiingizwe mapema, wakati mipango ya vituo vya afya bado inaandikwa.