Vipimajoto Viwili na Unyevu wa Hewa

Hewa, hata ionekanapo kuwa kavu, ina maji ndani yake yasiyoonekana kwa macho. Ili kuyapima, wachunguzi wa hali ya hewa huweka vipimajoto viwili ndani ya kisanduku cheupe kisimamacho nje juu ya miguu. Kuta zake ni vibao vyenye nafasi, ili upepo upite na jua lisiingie. Kisanduku hiki kilibuniwa katika karne ya 19 na Thomas Stevenson, mhandisi wa Scotland.

Kipimajoto kimoja huachwa kikavu. Cha pili huvikwa kitambaa cha melimeli kitakoni, na utambi hukivutia maji kutoka katika kikombe. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto, kama vile mtu atokaye mtoni asikiavyo baridi upepo umpigapo. Hewa ikiwa kavu, tofauti ya vipimajoto huwa kubwa. Ikijaa unyevu, huwa ndogo.

Kikavu kikionyesha digrii 30, na chenye maji 22, unyevu ni karibu 50 kwa mia. Lakini kitambaa kikichafuka, chenye maji huweza kuonyesha 27, na mpimaji ataandika karibu 79. Hewa haikubadilika, kitambaa ndicho kilichodanganya.

Je, kosa hutambulikanaje? Kwanza mpimaji hutazama mbingu. Vipimajoto vikilingana asubuhi ya ukungu mzito, si ajabu; vikilingana mchana wa jua kali, pana kosa. Ndipo hutazama kama kikombe kimekauka, kama utambi haunyonyi maji, na kama kitambaa kimekuwa kigumu kwa vumbi au kwa chumvi ya bahari. Hubadili kitambaa na utambi, na kutia maji ya mvua yaliyo safi, maana ya kisima huacha chokaa. Kisha hungoja robo saa, ndipo asome.

Akiwa bado na shaka, hukivua kitambaa na kukikausha kitako. Vipimajoto vyote viwili vikiwa vikavu, lazima vilingane. Visipolingana, kosa limo katika kipimajoto chenyewe.

Hesabu za siku zilizoharibika haziwezi kupimwa tena, kwa kuwa hewa ya siku hizo imekwisha kupita. Basi mpimaji mwaminifu habuni hesabu nyingine. Huandika kwamba chombo kilikuwa na kosa. Nafasi tupu kitabuni haimdanganyi mtu, lakini hesabu ya uongo humpoteza kila aitumainiye.